Nyerere hakuwa Rais siku ya Uhuru 1961
Je, Mwalimu Nyerere alikuwa Rais siku Tanganyika ilipopata Uhuru? Hapana, tarehe 9 Desemba 1961 Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu, mkuu wa nchi bado alikuwa Malkia Elizabeth na hapa aliwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull. Afu watu wengi wanasahau kwamba Januari 1962 alijiuzulu kabisa uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, yeye akaenda mikoani kukijenga upya chama cha TANU, na mi naona hapo ndo ukubwa wake ulipo maana nchi ilikuwa haijamaliza hata miezi miwili. Urais aliupata kwenye uchaguzi wa Novemba 1962, alimshinda Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC cha Tanganyika kwa kura nyingi mno, akaapishwa 9 Desemba 1962 Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Ila Tanzania yenyewe ni 1964, baada ya Muungano na Zanzibar.