Kununua kiwanja Zanzibar wakati siasa imechafuka

Siasa ikichafuka Unguja na Pemba, bei ya nyumba haiporomoki siku hiyo hiyo. Kinachokauka kwanza ni fedha taslimu. Mwenye nyumba ya Mbweni hapunguzi, anaifunga na kungoja. Anayepunguza ni mwenye haja ya haraka: ana mgonjwa wa kupelekwa India, ana deni, au ujenzi umemkwama kwenye lenta. Kwa hiyo ukiletewa kiwanja cha bei ya kutupa wakati wa wasiwasi, uliza kwanza: mwenyewe ndiye mwenye shida, au karatasi ndizo zenye shida?

Kodi za pango nazo hazitetereki sawasawa. Vyumba vya wageni Nungwi na Paje huathirika mwanzo, maana mgeni akisikia habari mbaya anafuta safari. Nyumba ya familia ya Mwanakwerekwe huendelea kukaliwa. Kama umekopa ili ujenge, usitegemee wageni peke yao kulipa deni.

Hesabu ya muda ndiyo inayowaponza wengi. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa tarehe 28 mwezi huo, ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016. Hiyo ni karibu miezi mitano ya kungoja. Aliyetia saini wiki ile mkataba wa kumaliza malipo ndani ya siku 90, siku zake zilikwisha Januari, hali bado haijatulia. Arubuni isizidi sehemu moja ya kumi ya bei, na iandikwe wazi: ofisi zikifungwa au benki zikisimama, siku hizo hazihesabiwi, na arubuni hailiwi.

Lakini bei na muda hurekebishika. Msukosuko mkubwa hugusa haki yenyewe ya kumiliki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya Serikali, majumba mengi yakataifishwa, na wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 ikaja kuweka haki ya matumizi ya ardhi. Mpaka leo tunanunua haki hiyo, si udongo wenyewe, na ndiyo maana historia ya kiwanja ina uzito kuliko uzuri wake.

Ukienda kununua shamba Wete au Mkoani, swali la mwanzo liwe hili: hii ni eka, yaani shamba la zile eka tatu zilizogaiwa? Eka za Serikali haziuzwi, hata mzee akikuonyesha kadi yake. Swali la pili: mikarafuu ni ya nani? Kwetu miti na ardhi huweza kuwa na wenyewe mbalimbali, na mtu akakuuzia miti ukadhani umenunua shamba. Kwa nyumba ya Mji Mkongwe, pita Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana uhakikishe si wakfu. Wakfu hauuzwi.

Halafu warithi. Hapa nasema kwa uchungu, kwa sababu wanaodhulumiwa mara nyingi ni wanawake. Hali ikiwa mbaya, kaka wawili wanauza haraka, dada yuko Maskati au Dar es Salaam, hajui kitu. Baada ya miaka mitatu anarudi na kudai fungu lake, na kesi inakukuta wewe uliyejenga. Usitoe hata arubuni mpaka uone mgawanyo wa mirathi na saini ya kila mrithi. Tunaoneana haya kuombana karatasi, hasa tukiwa jamaa. Ziombe.

Tazama na karatasi yenyewe. Nyingi ni ukurasa wa daftari: dole gumba, muhuri wa sheha (kiongozi wa mtaa), na mstari usemao “kutoka mwembe mpaka njia”. Mwembe ulishakatwa, njia imehama. Sheha ni shahidi wa mauziano, lakini muhuri wake hauhamishi haki. Uhamisho unapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, kisha usajili. Kabla ya hapo mlete mpima, kila upande uandikwe kwa mita, bikoni, yaani vigingi vya mpaka, ziwekwe pembe zote, na majirani wa pande nne watie saini siku hiyo hiyo, wakiwa wamesimama mpakani.

Aliye ng'ambo amwandikie mtu uwakala wa kiwanja hicho kimoja tu, wenye tarehe ya kwisha, wala asimpe uwakala wa mali zake zote. Fedha zipite benki kwa mafungu: arubuni, fungu la pili baada ya upimaji, la mwisho baada ya usajili. Hati zitolewe nakala mbili zilizothibitishwa na wakili, moja ikae kwa jamaa wa kisiwa cha pili. Na picha za bikoni zichapishwe, maana siku intaneti ikizimwa, zilizo kwenye simu ya mtu wa mbali hazitakufikia.