Kubuni boti za kifahari ukiwa Mwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Kirumba anayependa kuchora anaweza kubuni boti za kifahari bila kuanza na uhandisi. Anaweza. Jon Bannenberg, Mwaustralia aliyezipa yoti sura mpya kuanzia miaka ya 1960, alikuwa mpiga piano, kisha mpambaji wa nyumba London. Andrew Winch, mbunifu wa yoti wa Uingereza, alijifunza kwake. Ila hesabu za uzito hazikwepeki. Mhandisi atakukatalia mchoro mzuri usioelea sawa.

Anzia hapo ufukweni. Kaa na fundi wa mitumbwi anapofunga mataruma (mbavu za chombo) juu ya mkuku (uti wake wa chini), tazama anavyotia kalafati (pamba ya kuzibia) kwenye nyufa za mbao, muulize kwa nini omo, yaani sehemu ya mbele, ameinyanyua hivyo. Chora ulichokiona, kwa vipimo. Michoro hiyo ndiyo utakayotumia kuombea nafasi ya chuo.