Tepu ya kiuno: nilibandikwa wiki sita, haya ndiyo niliyoyaona

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu. Umeeleza kwamba ana miaka 58, kiuno kinamsumbua mwezi wa nne sasa, na mtaalamu wa fiziotherapia kamshauri abandikwe zile tepu za rangi kila wiki, elfu kumi na tano kila safari. Unauliza kama zinatibu au hela inapotea bure. Waliotangulia kukujibu, mmoja kasema ni utapeli mtupu, mwingine kasema zinarudisha diski ya uti wa mgongo mahali pake. Mimi zimekaa mgongoni mwangu, na sikubaliani na yeyote kati yao.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Januari kwetu ni sare za shule, hulali. Mwaka ule nilikuwa nakaa kwenye stuli isiyo na mgongo tangu saa moja asubuhi hadi saa tatu usiku. Siku moja niliinama kuokota bobini iliyodondoka, na kunyooka ikawa haiwezekani. Nilishika meza ya cherehani nikabaki pale pale, jasho linanitiririka, mpaka binti ninayemfundisha kazi akaja kunishika kwapani. Nikaambiwa nilale, nisiinuke. Nikalala wiki mbili, godoro chini, na kila kukicha mwili ulizidi kukakamaa.

Tepu ya kwanza niliinunua mwenyewe duka la dawa, jirani akanibandika. Tuliivuta kwa nguvu zote toka mwanzo hadi mwisho, tukiamini kadiri inavyobana ndivyo inavyotibu. Usiku nikawashwa vibaya. Asubuhi ncha zote mbili zilikuwa na malengelenge.

Baadaye nikaenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, mama mmoja mtaratibu sana. Kwanza akanipima: niinue mguu nikiwa nimelala chali, nisimame kwa visigino, nisimame kwa vidole, huku akigusagusa miguu kuona kama nahisi sawasawa. Ndipo akafuta ngozi kwa spiriti, akakata vipande viwili na kuzikata kona ziwe duara ili zisinase kwenye nguo. Akaniambia niiname kidogo mikono ikiwa kitandani. Ncha ya chini akaiweka bila kuivuta hata kidogo, katikati akavuta kiasi, ncha ya juu akaiacha ijilaze yenyewe. Mwisho akasugua kwa kiganja mpaka nikahisi joto, kwa sababu gundi yake hushika kwa joto. Nilikaa nayo siku nne, naoga nayo, naifuta taratibu kwa taulo.

Tofauti niliisikia siku ile ile. Maumivu hayakuondoka, ila yalipungua makali. Na kila nilipotaka kujikunja vibaya ngozi ilivutwa, nikakumbuka kukunja magoti. Kikubwa zaidi, hofu ilinitoka. Nilikuwa nimeshaogopa hata kuinua ndoo nusu, na sasa nilihisi kama kuna mkono umenishika nyuma. Nikaanza kutembea.

Nilipomuuliza yule mama kama tepu ndiyo itakayoniponya, alinijibu wazi: hapana, hii inakusaidia kufanya mazoezi, na usipofanya mazoezi usirudi kwangu. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo, maana angeweza kunibandika mwaka mzima nikalipa.

Nikiwa na nafuu nilijisomea. Tepu hizi zilibuniwa na Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970. Ni kitambaa cha pamba chenye gundi, kinavutika kama ngozi inavyovutika. Olimpiki ya Beijing ya 2008 ndiyo iliyozitangaza, hasa Kerri Walsh wa Marekani, mcheza voliboli ya ufukweni, alipoonekana na tepu nyeusi begani. Lakini kuvaliwa na bingwa si ushahidi. Brazili walifanya utafiti uliotoka 2014: watu 148 wenye maumivu sugu ya kiuno, nusu wakabandikwa kwa kuvutwa mpaka ngozi ikajikunja kama inavyofundishwa, nusu wakabandikwa bila kuvutwa kabisa. Makundi yote mawili yalipata nafuu ileile. Maana yake ule ufundi wa mivuto na mikunjo unaotozwa hela haukuongeza kitu. Uhispania nako, 2012, watu 60: waliobandikwa wiki moja walipata nafuu, lakini ndogo mno. Kwa hiyo akija mtu kukuambia rangi ya buluu inapoza na nyekundu inapasha, au tepu inasogeza diski, huyo mwepuke. Rangi ni rangi tu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unatia mkazo kwenye mazoezi na kumwelimisha mgonjwa, na hata ile mikanda ya kiuno tunayouziwa sokoni hawaipendekezi. Kwangu mazoezi ndiyo yaliyofanya kazi. Nililala chali magoti yamekunjwa, nikanyanyua makalio, nikahesabu hadi tano, nikashusha. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Baada ya alasiri natembea nusu saa. Na nikimaliza shati moja, nasimama. Hilo la kusimama limenisaidia kuliko yote, na halina gharama. Kufikia wiki ya sita niliacha tepu, na kiuno hakikubadilika kwa kuiacha.

Basi kwa mama: kama fedha ipo, abandikwe mara mbili tatu huku anafundishwa mazoezi. Kama anabandikwa tu na kuambiwa arudi wiki ijayo, mtafutie mtaalamu mwingine. Asibandikwe juu ya kidonda au ngozi iliyochubuka, na akiwahi kuwashwa na plasta ya kawaida, jaribuni kwanza kipande kidogo kwa siku moja. Kuitoa msiibandue kwa pupa: paka mafuta ya nazi, ngoja dakika kumi, kisha sukuma ngozi chini badala ya kuvuta tepu juu. Ngozi ya mtu mzima huchanika upesi.

Sasa kuna jambo hukulitaja, na ndilo linalonitia wasiwasi. Je, ana ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani? Mkojo au choo vinamtoka bila kujijua, au mkojo unakataa kutoka? Mguu unalegea? Ikiwa lipo hata moja, msingoje kesho, mpelekeni hospitali leo hii. Na kama ana homa za jioni, jasho la usiku, anakonda bila sababu, au aliwahi kuugua saratani, apigwe picha na apimwe, maana kifua kikuu hushika uti wa mgongo pia, na hapo tepu itawapotezea muda tu. Muulize taratibu mkiwa wawili, mama zetu mambo ya mkojo hawayasemi mbele za watu, kisha urudi hapa unijibu.