Ng'ombe wa Katima Mulilo kwenda Windhoek: usitume hela

Mkuu, usitume hiyo hela. Umesema dalali amekupatia ng'ombe 40 Katima Mulilo, mkoa wa Zambezi huko Namibia, bei chini kuliko Windhoek, na kwamba "ni nchi moja, lami mwanzo mwisho, hakuna mpaka". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtu aliyejua fika kuwa ananidanganya. Mpaka wa nchi kweli hakuna. Kuna uzio wa mifugo.

Uzio huo umekata Namibia vipande viwili, kutoka upande wa Atlantiki hadi mpaka wa Botswana. Wenyewe wanauita Mstari Mwekundu. Kusini mwake ndiko inakotoka nyama inayouzwa Ulaya, kwa hiyo serikali haichezi nao. Ng'ombe hai wa kaskazini havuki, nyama yake mbichi pia haivuki hivi hivi. Zambezi ndiyo imebanwa kuliko kaskazini yote, kwa sababu ya nyati. Nyati wa hifadhi za Bwabwata, Mudumu na Nkasa Rupara wanatembea huru, wanaingia Botswana na kurudi, na wanabeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila wenyewe kuugua. Wanakunywa mto mmoja na ng'ombe wa wanakijiji. Ndiyo maana mkoa mzima unahesabiwa eneo la maambukizi. Hata Kavango Mashariki, jirani kabisa, huwaingizi kienyeji, seuze Windhoek iliyo kama kilomita 1,200.

Sasa piga hesabu ambayo dalali hawezi kukupigia. Ng'ombe wa kuchinjwa anakaa karantini siku 21. Wako 40: majani, maji, mchungaji, dawa, kila siku, na hujauza hata kilo. Akilegea mmoja kwa midomo yenye malengelenge, kundi lote linazuiwa. Mlipuko ukitangazwa, kama ule wa 2020, mifugo haitembei kabisa: huuzi, huchinji, na wanakula vilevile. Ukifika hatua ya nyama, masharti ya kimataifa yanataka itolewe mifupa na tezi, ikomae saa 24 kwenye joto la zaidi ya nyuzi 2, kisha ipimwe katikati ya msuli wa mgongo ionekane pH, yaani kipimo cha asidi, iko chini ya 6. Hiyo ni kazi ya machinjio yenye vipimo na daktari wa mifugo wa serikali. Gari la barafu la kukodi halikufikishi huko.

Usidanganywe pia na habari ya "tutapita usiku". Barabara ni moja tu, B8: Kongola, Bwabwata, Divundu, Rundu, halafu geti la uzio la Mururani kabla ya Grootfontein. Pale Mururani wanafungua buti na kisanduku cha barafu, na wanachukua nyama mbichi hata ya familia iliyotoka kusalimia wazazi. Na usiku Bwabwata tembo wanavuka lami.

Mtu anayekuuzia ng'ombe hao huku akijua yote haya ni mwizi, basi tu hajakamatwa. Mwambie akuonyeshe kibali cha kuhamisha mifugo chenye muhuri wa ofisi ya mifugo, kilichoandikwa chapa za ng'ombe hao hao na mahali wanapokwenda. Picha ya kibali cha mwaka jana usiipokee.

Uliuliza pia mkoa umekaaje vile kama mkia. Ni mkataba wa 1890: Wajerumani waliacha madai yao Zanzibar, Waingereza wakaichukua, na Wajerumani wakapewa kisiwa cha Heligoland na ukanda huo wa kufikia mto Zambezi. Ukaitwa Caprivi hadi 2013.

Lakini kabla hujauliza bei ya kitu chochote kule, uliza kwanza kama kinavuka uzio. Ng'ombe wa Zambezi soko lake liko Zambezi: wauzie wachinjaji wa Katima, kidogo kidogo, ndani ya mkoa. Ukitaka mzigo wa kusafiri, tazama samaki wakavu. Hao wanavuka daraja la Sesheke kuingia Zambia na wanafika hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Congo, ambako Kiswahili chako kitakufaa. Ila Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi unafungwa mtoni, kwa hiyo nunua kabla ya hapo, na karatasi za afya za Zambia uwe nazo mkononi kabla hujapakia.