Kiko cha Italia cha kwanza: lipia tundu na mbao, mistari baadaye

Mkuu, umeuliza hivi: una milioni moja na nusu ya kutumia, umeonyeshwa viko vitatu vya Italia, yaani Castello Sea Rock kilichotumika, Savinelli 320 KS kipya, na Ser Jacopo laini chenye pete ya fedha shingoni. Muuzaji amekushauri uchukue Ser Jacopo kwa sababu mbao yake ina mistari iliyonyooka, "kwa hiyo kinavuta baridi", yaani moshi wake hauchomi ulimi. Wachangiaji wawili hapo juu wamemuunga mkono. Mimi simuungi.

Mimi ni seremala, mtu wa Moshi, na nimefanya kazi ya fenicha Cantù, kaskazini mwa Milano, kwa miaka kadhaa. Watu wa fenicha wanaujua mji ule kwa makabati na viti. Wavuta kiko wanaujua kwa Castello, karakana aliyoianzisha Carlo Scotti mwaka 1947. Mzee tuliyekuwa naye benchi moja alikuwa na kiko mdomoni hata kisipokuwa na moto, na ndiye aliyenizoesha kukitazama kiko kwa jicho la fundi kwanza, la mnunuzi baadaye. Ninayoandika hapa mengi yanatoka kwake, mengine kwenye rafu yangu.

Tuanze na mbao yenyewe. Braya, mbao inayochongwa viko hivi, si gogo la kupasuliwa. Ni nundu inayoota chini ya shina la Erica arborea, pale shina linapokutana na mizizi. Ni kichaka cha nchi za Mediterania, na kwa Italia kinapatikana Calabria, Toscana, Liguria, Sardinia. Nundu hukaa ardhini miongo kadhaa kabla ya kufikia ukubwa wa kuchongwa. Ikichimbwa hairuhusiwi kukauka. Inamwagiwa maji na kufunikwa mpaka siku ya msumeno, maana ikikauka ghafla inapasuka yote. Vipande vikishakatwa vinachemshwa nusu siku au zaidi ili utomvu na tanini vitoke, kisha vinakaushwa polepole kivulini kwa miezi, na mafundi wenye subira wanaviacha miaka. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo haionekani kwenye picha, na ndiyo unayoilipia kwa fundi mzuri. Kiko kinachotoa ladha chungu ya mti mbichi na kupata joto haraka mkononi, mara nyingi mbao yake iliharakishwa, hata kikiwa kinang'aa namna gani.

Sasa mistari. Upande wa nje wa nundu, ule wenye gome, ndiko nyuzi zinakokwenda moja kwa moja kutoka ndani kuelekea nje. Fundi akikilenga kipande sawasawa, nyuzi zinasimama wima kuzunguka bakuli lote, pale tumbaku inapowekwa, na ukingo wa juu na kitako vinajaa vidoa vidogo wanavyoviita jicho la ndege. Kupata kipande cha namna hiyo ambacho hakina kijishimo cha mchanga wala ufa ni nadra, na bei yake ni bei ya unadra. Kwa Castello, daraja linaloitwa Fiammata ndilo la mistari hiyo, na muulize mwenye nacho kalipa ngapi. Ni kitu kizuri kukitazama, sikatai. Mimi mwenyewe ninacho kimoja cha laini ambacho nakishika kuliko ninavyokivuta. Ila moshi haupiti kwenye mistari. Unapita kwenye tundu, ile njia iliyotobolewa kutoka bakuli mpaka kidomoni.

Na hapa kuna jambo ambalo muuzaji hawezi kukwambia. Fundi mara nyingi hajui kiko kitakuwa laini au cha mikwaruzo mpaka amekichonga. Anakata umbo, anatoboa, anapiga msasa, ndipo kijishimo kinajitokeza ubavuni. Akikiziba kwa puti kinashuka hadhi. Kwa hiyo anachukua chombo cha mkono anauchongachonga uso wote mpaka unakuwa kama mwamba wa pwani, na hicho ndicho Castello wanachokiita Sea Rock. Akikipiga kwa mchanga wa mashine badala ya kuchonga, kwao kinaitwa Old Antiquari. Mbao ni ileile, umri ni uleule, na tundu limetobolewa na mikono ileile. Tofauti ya bei ni ya macho. Juu ya hayo, uso wa mikwaruzo una eneo kubwa la kutolea joto na haukutelezi mkononi. Kiko kinachovuta vizuri kuliko vyote nilivyo navyo ni cheusi cha mikwaruzo, ambacho wageni wangu hawajawahi kukisifia.

Kuhusu majina, usitishwe na wingi wake. Sehemu kubwa ya habari hii imetokea kwenye eneo dogo, kati ya Varese na Como, halafu ikaruka mpaka Pesaro kwenye bahari ya Adriatiki. Waitaliano kwa muda mrefu waliuza mbao kwa Wafaransa wa Saint-Claude na kwa Waingereza, wao wenyewe wakiwa nyuma. Achille Savinelli alifungua duka Milano mwaka 1876, Ferdinando Rossi akaanzisha kiwanda Molina di Barasso mwaka 1886. Rossi kilikua kikawa kikubwa mno na hatimaye kikafungwa miaka ya 1980. Kiwanda cha Savinelli kilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, maeneo hayohayo ya Barasso, chini ya mjukuu mwenye jina la babu. Mpaka hapo umbo lilikuwa la Kiingereza: jembamba, la adabu, kidomo cheusi cha mpira mgumu. Scotti ndiye aliyeliharibu hilo kwa makusudi. Akanenepesha bakuli, akaacha fundi afuate mbao badala ya chati, akaweka kidomo cha akriliki ambacho hakigeuki rangi ya kijani chafu kwa jua na mate. Jirani yake, Cucciago, mwishoni mwa miaka ya 1960 Giuseppe Ascorti na Luigi Radice walishirikiana kwenye Caminetto, vile vyenye alama ya masharubu, kisha kila mmoja akafungua ya kwake. Radice kwa maoni yangu ndiye fundi asiyepewa haki yake kwenye mijadala yetu.

Pesaro ni tabia nyingine kabisa. Giancarlo Guidi alianza na Mastro de Paja mwaka 1972, akatoka, na mwaka 1982 akaanzisha Ser Jacopo. Huyu alikuwa na moyo wa msanii: pete za fedha, mapambo, hata mfululizo wa viko vilivyofuata viko vinavyoonekana kwenye michoro ya Van Gogh na wengine. Wanaovipenda wanavipenda sana. Mimi naviheshimu kwa mbali, kwa sababu pete nyingi inaongeza bei kabla hujafika kwenye mbao.

Ukipata kiko mkononi, fanya hivi kabla hujatoa hela. Chukua waya wa manyoya wa kusafishia, upitishe kutoka kwenye kidomo mpaka kwenye bakuli bila kufungua chochote. Ukifika bila kukwama, fundi alikuwa makini. Kwenye kiko kilichopinda sana ukikwama si dhambi, ila kwenye kilichonyooka sikubali. Kisha angalia ndani ya bakuli: tundu litokee chini kabisa na katikati. Likiwa juu ya sakafu, tumbaku ya chini itabaki mbichi na maji kila siku. Likiwa limeegemea upande, ukuta mmoja utaungua kuliko mwingine. Kivute kikiwa kitupu. Kikipiga filimbi, njia ya hewa ni nyembamba au kuna pengo pale kidomo kinapoingia shingoni, na maji yatakusanyika hapo. Ng'ata kidomo kidogo. Kikiwa kinene kinachosha taya, na hili ndilo lalamiko langu la kudumu kwa akriliki ya Kiitaliano: haigeuki rangi, sawa, lakini ni ngumu kwa meno kuliko mpira. Mwisho, toa kidomo kikiwa baridi, kamwe usikitoe kikiwa moto, maana mbao imetanuka na shingo inapasuka.

Savinelli wana kitu chao cha kijiti cha balsa chenye pembe tatu, cha milimita 6 au 9, kinachonyonya unyevu. Kwenye boksi mara nyingi kuna kiunganishi cha kuweka mahali pake ukitaka kuvuta bila balsa. Jaribu vyote viwili. Watu wanabishana hapa kana kwamba ni mpira wa Simba na Yanga.

Kilichotumika kisikutishe. Kaboni ndani ya bakuli ibaki unene wa kama milimita moja au moja na nusu, ikizidi inapasua ukuta kwa kutanuka. Harufu ya mwenye kiko wa kwanza inatoka kwa pamba au chumvi ya mawe iliyoloweshwa pombe kali ya kunywa, ukaiacha usiku kucha kwenye bakuli. Usitumie spiriti ya kuwashia jiko, ile ina methanoli. Halafu kipumzishe, na baada ya hapo kivute siku moja, siku inayofuata kikae. Ndiyo sababu viko viwili vya kawaida vinakufaa kuliko kimoja cha kifahari.

Kwa aliyeuliza kama kuna braya kwetu: Erica arborea ipo Kilimanjaro, juu ya msitu, na ukipanda kutoka kambi ya Mandara kwenda ya Horombo unapita katikati ya jamii yake. Iko ndani ya hifadhi na moto umeshaiumiza vya kutosha, kwa hiyo panga liache nyumbani. Urithi wetu wa viko ni mwingine, ule wa jiwe jeupe la Amboseli lililochongwa Arusha na kuuzwa kwa jina la Kiko na alama ya tembo. Bado vinajitokeza minadani Ulaya.

Na aliyesema kiko si kama sigara kwa sababu hupelekei moshi mapafuni, ajue saratani ya kinywa haiulizi ulivutaje. Mimi navuta mara chache kwa wiki na sitamshauri asiyevuta aanze. Kukusanya na kuvitazama hakuhitaji moto.

Kwa hela yako, mkuu: chukua Castello, mradi muuzaji akutumie picha ya bakuli kwa juu, ya ukingo kama umeungua, ya kidomo pale meno yanapokaa, na ya maandishi ya chini ya shingo. Hesabu herufi K hapo. Ni ukubwa, si ubora, wengi wanauziwa KKKK kwa maneno mengi. Akikataa kutuma picha ya ndani, nunua Savinelli 320 kipya: kifupi, kinene, kinakaa kiganjani vizuri na kina ukuta wa kutosha kwa anayejifunza kuvuta taratibu. Ser Jacopo kisubiri mwaka ujao. Picha zikija ziweke hapa kwenye uzi tuzisome pamoja kabla hujatuma pesa.