Kwiri ya PostgreSQL Imegoma Kuisha? Isimamishe Bila Kuangusha Seva

Ripoti ikizunguka tangu asubuhi, wengi hufunga dirisha la pgAdmin (programu ya kusimamia hifadhidata ya PostgreSQL) wakidhani kazi imekwisha. Haijaisha. Seva inaweza kuendelea kuisaga kwiri (ombi la data) ile ile bila kujua kwamba aliyeiomba ameshaondoka, hasa ikiwa haijafika hatua ya kutuma majibu.

Mtafute mhusika kwanza, yaani kwiri iliyokwama na pid yake (namba ya mchakato wake):

SELECT pid, usename, state, now() - xact_start AS muda, wait_event_type, pg_blocking_pids(pid), left(query, 80) FROM pg_stat_activity WHERE state <> 'idle' ORDER BY xact_start;

Usiguse chochote kabla ya kusoma wait_event_type, safu inayoonyesha kwiri inasubiri nini. Ikionyesha Lock, kwiri hiyo inasubiri tu. Aliyeshika kufuli ni pid iliyotajwa na pg_blocking_pids. Mara nyingi utamkuta ni "idle in transaction": mtu kaandika BEGIN (amri ya kuanza muamala, yaani kundi la mabadiliko yanayokamilishwa au kufutwa kwa pamoja), kisha kaenda kula.

Ukishampata, anza na SELECT pg_cancel_backend(pid). Kwiri husimama, muunganisho unabaki. Jibu la t (kweli) lina maana kwamba ishara imetumwa, basi. Subiri sekunde chache, angalia tena. Kwa aliye "idle in transaction" amri hii haifui dafu, maana hakuna kwiri inayoendeshwa. Huyo anahitaji pg_terminate_backend(pid), inayokata muunganisho wake na kufuta muamala ambao haujakamilishwa.

Kill -9, amri ya mfumo inayoua mchakato papo hapo, iache kabisa. Mchakato mmoja ukifa hivyo, PostgreSQL huhesabu kuwa kumbukumbu inayotumiwa na wote huenda imeharibika: hukata miunganisho yote, kisha hujirejesha kwa kusoma WAL (kumbukumbu za mabadiliko yaliyoandikwa). Ulitaka kumtoa mmoja, umewatoa wote, na mkuu wa mauzo yuko kwenye simu.

Usimamishaji wenyewe nao huacha mabaki. UPDATE ya mamilioni ya rekodi ikikatwa, PostgreSQL huitengua haraka, ila rekodi mfu hubaki zikijaza jedwali mpaka VACUUM (kazi ya kusafisha rekodi hizo) ipite. Kwenye MySQL (hifadhidata nyingine) yenye InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) mambo ni magumu zaidi: mabadiliko hurudishwa moja moja, kazi inayoweza kuchukua muda mrefu kuliko UPDATE yenyewe, na kuizima seva hakusaidii kwa sababu ikiwaka itaendelea pale pale. CREATE INDEX CONCURRENTLY, amri ya kujenga faharasa (index) bila kuzuia uandishi, ndiyo husahaulika zaidi. Ukiikatiza, faharasa batili hubaki. Haisaidii kusoma, lakini huenda bado inachelewesha kila uandishi. Iondoe kwa DROP INDEX CONCURRENTLY kabla ya kujaribu upya.

Kama ni ripoti zile zile kila wiki, wawekee watumiaji wake kikomo cha muda (hapa mtumiaji anaitwa ripoti):

ALTER ROLE ripoti SET statement_timeout = '5min';
ALTER ROLE ripoti SET idle_in_transaction_session_timeout = '10min';

Kikomo hiki huanza kwa miunganisho mipya, kwa hiyo waliokwisha kuingia watoke waingie tena. Usikiweke statement_timeout kwenye postgresql.conf (faili la mipangilio ya seva nzima): kitamkamata kila mtu, pamoja na kazi halali za usiku zinazohitaji saa nzima.