Usishuke ziwani Jumamosi kabla hujafunga midomo

Acha. Weka hiyo skochi ya kubandikia chini, mdogo wangu, usiiguse mpaka umalize kusoma.

Umeandika kwamba umepata blanki ya bei rahisi, yaani ufito mtupu wa kuvulia samaki, bila pete wala mpini, vipande vinne, futi saba na nusu, ya kamba namba 3 (namba ni uzito wa kamba ya kurushia). Na kwamba Jumamosi utabandika pete, vile vitanzi vinavyopitisha kamba, kwa skochi na kushuka Ziwa Kivu hapo Goma kurusha nzi wa bandia mara mbili tatu, "kuusikia ufito unavyopinda", kabla ya kufunga kitu chochote kwa uzi. Halafu ukauliza mengine: rangi ya uzi, pete ngapi, mpini utautoa wapi, gundi gani. Hayo yatasubiri. Hilo la Jumamosi ndilo limenitoa kitandani, maana midomo, pale kipande kimoja kinapomeza kingine, bado haijafungwa uzi.

Mimi nilifanya hivyo hivyo hapa Bukavu. Blanki ilikuwa dola 38, na mama mmoja anayeleta mizigo kutoka Kigali akanitoza 25 juu yake, maana boksi lilikuwa refu na abiria wenzake walilalamika linawachoma mbavu. Miezi mitatu nasubiri. Ilipofika niliilaza chumbani kama bibi harusi. Mke wangu ni shahidi, na hajanisamehe.

Asubuhi yake nikashuka upande wa Nguba, wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wakirudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu. Pete zote kwa skochi, kama ulivyopanga wewe. Nilirusha mara kumi hivi, na sitakudanganya, ilikuwa tamu. Kitu chepesi mkononi, kamba inafunguka juu ya maji bila kelele, nikaanza kujiona fundi. Kisha nikasikia "tik", kama mtu amevunja ganda la haragi kavu. Nikadhani ni pete imechomoka. Nikarusha tena, na mara ya tatu nusu ya juu ya ufito ikaondoka na kamba, ikatua majini hatua chache mbele yangu. Watoto waliokuwa wanafua hapo walicheka mpaka sabuni ikawaponyoka.

Nilipouvuta nikaona. Mdomo wa kike wa kipande cha pili kutoka ncha, ule unaomeza kipande cha chini yake, ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unapanda urefu wa vidole vitatu. Ukiubana kidogo ufa unafunga, ukiuachia unafunguka, kama mdomo wa samaki. Ndiye samaki pekee niliyemwona siku ile.

Sasa elewa kwa nini. Blanki ni bomba la nyuzi za kaboni zilizoshikwa na gundi, na nyuzi nyingi zinakwenda kwa urefu, kwa sababu kazi yao ni kupinda na kurudi. Zinazozunguka bomba ni chache, na kwenye blanki nyepesi ni chache zaidi, maana wepesi umepatikana kwa kupunguza nyama ya ukuta. Ufito ukipinda, kipande cha kiume ndani ya mdomo kinafanya kazi ya mtaimbo: kinasukuma ukingo kutoka ndani. Ukingo ule hauna wa kuushika, basi unapasuka kwa urefu kama muwa. Umewahi kuona patasi ya seremala? Juu ya mpini kuna pete ya chuma. Iondoe, gonga nyundo mara tano, mpini unachanika. Uzi uliofungwa kwenye mdomo wa kike ndiyo pete ya patasi. Watu wanadhani ni urembo.

Na blanki za bei rahisi zinakuja midomo iko uchi! Hakuna karatasi ndani ya boksi inayokuambia. Mimi niliyemwamini ni bwana mmoja wa kwenye video, mikono misafi kama daktari, anasema kwa upole: "Bandikeni pete kwa skochi kwanza, nendeni mkarushe, msikie blanki inataka nini." Blanki inataka nini! Ilitaka uzi, mzee! Nilirudi kuitazama ile video baadaye, nikaisimamisha kwenye picha ya maungio. Midomo yake yote ilikuwa imeshafungwa na kupakwa gundi, inang'aa. Hakusema hata neno moja. Muuzaji naye nilipomtumia picha ya ufa alijibu kwamba nimerusha vibaya, na kwamba kipande kimoja hakiuzwi peke yake. Nimerusha vibaya, sawa, sikatai, lakini blanki inayopasuka kwa sababu mtu amerusha vibaya ingepasuka kwa kila mtu anayejifunza.

Nikajaribu kuuponya. Kole, gundi ya haraka, ndani ya ufa, uzi juu yake. Nilipoingiza kipande cha kiume ufa ukafunguka tena chini ya uzi. Sasa kile kipande kinashikilia nyanya za mke wangu nyuma ya nyumba. Msamaha haujapatikana, ila nyanya zimesimama.

Basi kabla ya pete, kabla ya mpini, kabla ya kupiga picha ya kuwaringishia rafiki, funga midomo ya kike. Vipande vinne maana yake maungio matatu, midomo mitatu. Hata ukikusudia kubadilisha kila kitu kesho, midomo haibadiliki mahali.

Chukua uzi mwembamba wa nailoni, ule wanaouita namba A. Toboa boksi la karatasi ngumu, kata mashavu mawili kwa umbo la V ili blanki ilale humo na izunguke. Mkazo unaupata kwa kupitisha uzi kati ya kurasa za kitabu kizito. Mimi natumia kamusi ya Kifaransa, hatimaye imepata kazi. Anza karibu kabisa na ukingo, usivuke, zunguka ukiuacha ukingo nyuma sentimita moja na nusu hadi mbili, mzunguko ukigusa mzunguko, bila nafasi. Ukibakiza mizunguko kama minane, laza juu yake kitanzi cha uzi mwingine, endelea kuzungusha ukikifunika, kata uzi, pitisha ncha kwenye kitanzi, vuta. Ncha inazama chini ya mizunguko yenyewe. Hakuna fundo.

Usiniambie itaongeza uzito. Jirani yangu ana mizani ya kupimia dhahabu. Tulipima vipande kabla na baada, uzi na gundi vya midomo yote mitatu havikufika nusu gramu. Na wewe mwenyewe unasema unayo kamba namba 5 tu nyumbani na utaanza nayo! Futi 30 za kwanza za kamba namba 3 zina uzito wa gramu 6.5, za namba 5 ni gramu 9.1. Unataka kuubebesha ufito mzigo wa karibu mara moja na nusu, midomo ikiwa uchi, halafu unaogopa nusu gramu.

Gundi, hilo naweza kulijibu kwa sababu linahusu midomo. Epoksi ya mirija miwili, ile ya polepole iliyotengenezwa kwa ajili ya fito, siyo ile ya dakika tano. Pima sawa kwa sawa kwa mabomba mawili ya sindano ya famasi, kila mrija na bomba lake. Ukikosea kipimo itabaki inanata mpaka Krismasi. Hapa kwetu usiku ni baridi, weka mirija kwenye maji ya vuguvugu kwanza. Ziba mdomo kwa kipande cha mshumaa ili gundi isiingie ndani, la sivyo kipande cha kiume hakitaingia tena. Ukishapaka, zungusha blanki polepole isije ikachuruzika upande mmoja. Mimi nilifunga mota ya sahani ya mikrowevu, umeme ukakatika saa mbili usiku, nikazungusha kwa mkono mpaka karibu saa sita nikiwa nimefunga blanketi mabegani. Acha ikauke siku nzima, ikiwezekana mbili.

Watu watakuja kukuambia utafute kwanza uti wa blanki, upande ulio mgumu. Utafute ukipenda. Sijaona ufito uliovunjika kwa ajili ya uti.

Pete: hesabu futi, ongeza moja, na pete ya ncha juu yake. Rangi ya uzi na mpini, hayo bado yanasubiri.

Leo ni Jumatano. Ukifunga usiku wa leo na kupaka kesho asubuhi, Jumamosi imekauka. Nitumie picha ya midomo mitatu kabla hujatoka nyumbani. Nina harusi siku hiyo, lakini simu itakuwa mfukoni.